Kutetemeka kwa wazee wetu si uzee tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie ugonjwa wa Parkinson, ambao katika familia nyingi, yetu ikiwamo, huitwa uzee mpaka siku mgonjwa anaposhindwa kufunga vifungo vya shati lake.

Baba yangu ni mwalimu mstaafu, na mwandiko wake ulikuwa wa kupigiwa mfano. Tulishtuka siku benki ilipomrudishia fomu kwa madai kwamba saini haifanani na ile ya zamani: herufi zilianza kwa ukubwa wa kawaida, zikasinyaa, zikaishia kama msafara wa sisimizi. Mkono wake wa kulia ukitulia mapajani, kidole gumba kilisuguana na cha shahada kana kwamba anafikicha punje ya mtama. Akishika kikombe, mtikisiko ulipungua.

Hata hivyo, ugonjwa ulikuwa umeingia mapema zaidi. Kwa miaka kadhaa kabla ya hapo aliacha kwenda barazani, akawa mtu wa huzuni isiyo na chanzo, na usiku alirusha mateke na kupiga kelele usingizini. Majirani walisema amerogwa. Mimi, naona haya kukiri, nilisema anadeka.

James Parkinson, tabibu wa London aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1817, aliamini kwamba akili ya mgonjwa haiguswi. Leo tunajua kwamba seli zinazotengeneza dopamini, kemikali ambayo ubongo huitumia kuongoza mwendo, huwa zimekufa kwa wingi kabla mkono haujaanza kutetemeka. Mwaka 2003 Heiko Braak na wenzake, wa Ujerumani, walipendekeza kwamba kwa wagonjwa wengi uharibifu huanzia chini, kwenye shina la ubongo, ambako kuna seli zinazohusika na usingizi na hisia, kisha hupanda. Nadharia hiyo bado inajadiliwa, lakini imetufundisha kwamba sonona ya mgonjwa inaweza kuwa sehemu ya ugonjwa wenyewe, wala si majonzi ya kuugua peke yake.

Kwetu Kilimanjaro, watafiti waliopita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, katika eneo lenye wakazi wapatao 161,000, walipata wagonjwa 33, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Dawa ya levodopa, ambayo haiponyi lakini humrudishia mgonjwa mwendo wake, imetumika tangu miaka ya 1960, nasi bado tunaitafuta duka hadi duka.

Wapo wanaotushauri tutwange mbegu za upupu. Ni kweli zina levodopa ya asili, na wanasayansi wamezifanyia majaribio. Lakini kiasi chake hutofautiana kati ya mbegu na mbegu, na kumpimia mzee kwa kijiko cha chai ni kubahatisha.

Ombi langu kwa waganga wa zahanati na vituo vya afya ni dogo. Mzee akiletwa kwa sababu ya huzuni au kukosa usingizi, mwulizeni kama anapiga mateke usiku, mtazameni anavyotembea ukumbini, kisha mpeni kalamu na karatasi aandike mistari mitatu.

Msomaji wako wa siku nyingi,
Moshi