Mwambie Fundi Asizibe Kwanza

Soweto, Moshi

Shoga yangu,

Barua nimeipata na picha za kenchi nimeziona. Hongera, nyumba imesimama! Ila hilo la fundi kutaka kuziba kila tundu kwenye fisha bodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa, limenikumbusha Julai yangu ya mwaka juzi.

Mimi niliziba ili popo wasiingie. Baridi ilipoingia, dari ya sebuleni ikaota madoa ya rangi ya chai. Fundi akapanda mara mbili kupaka lami kwenye misumari, akalipwa mara mbili, madoa yakazidi. Siku moja saa kumi na moja alfajiri nikapanda mwenyewe na tochi ya simu. Nikapapasa bati kwa ndani, kiganja kikaloa chepechepe, na wiki nzima mvua haikunyesha! Kumbe bati halivuji. Mvuke wa jikoni na bafuni unapanda darini, unakosa pa kutokea, unakuta bati limepoa usiku, unageuka maji. Na feni ya bafuni ilikuwa inapulizia mumo humo darini. Aibu yangu.

Sasa, njia za kuzuia maji hayo ziko mbili. Ya kwanza, pamba ya kioo inalazwa juu ya dari, na hewa inapita kati yake na bati: inaingia chini pembeni, inatokea juu kwenye kofia ya paa, pale kileleni. Pamba isisukumwe hadi ukingoni ikaziba njia. Acha kama sentimita 5. Kanuni za Marekani zinaanzia mita 1 ya mraba ya matundu kwa kila mita 150 za dari, kwa hiyo zako 120 zinataka kama 0.8, bila kuhesabu nafasi inayoliwa na wavu. Naam, wavu wa chuma. Popo dawa yao ni hiyo tu.

Ya pili haina matundu. Povu la plastiki linaloganda linapulizwa likagandamana na bati lenyewe, hewa yenye mvuke isilifikie. Inamfaa anayetaka chumba huko juu. Lakini lisiwe na ufa hata mmoja, lifunikwe kwa jipsamu maana linashika moto, na siku ukibadili bati unaanza upya.

Anachotaka fundi wako si hii wala ile. Anaziba matundu, halafu anabananisha pamba chini ya bati, na pamba hiyo mvuke unaipenya kama chujio la chai. Na Ngaramtoni baridi yenu inatushinda mbali! Acha matundu, na bomba la feni litoke nje kabisa.

Jumamosi ijayo nakuja na basi la asubuhi. Fisha bodi isipigiliwe mpaka nifike. Nina kipande cha wavu kilichobaki, kinatosha upande mmoja. Wa pili utanunua.

Wasalimie watoto.

Wako,
Mama Junior