Kwa Mama Baraka, kuhusu ule ubao

Kisumu

Mpendwa Mama Baraka,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye joto. Barua yako niliipata, na habari ya zamu yako ya kupokea fedha za chama imenifurahisha kupita kiasi. Kumbe fedha zote unataka kuzitia kwenye ubao wa kupiga kafi kwa kusimama, ule wa kujaza upepo! Umenitajia mbao mbili: mmoja mpya wa bei ya chini uliouona kwenye simu, na mwingine uliotumika ambao mwenyewe anahama Nakuru. Nikujibu moja kwa moja: ule mpya achana nao, nenda ukautazame ule uliotumika. Sababu umeiandika mwenyewe kwenye barua, pale uliposema unene wa ule mpya ni sentimita 10.

Ndani ya ubao wa aina hii kuna hewa na nyuzi, basi. Tabaka la juu na la chini zimeshikanishwa kwa maelfu ya nyuzi fupi zilizosimama wima, karibu karibu. Upepo ukiingia, tabaka hizo zinataka kuachana, nyuzi zinakataa, na mvutano huo ndio unaoufanya ubao ukae bapa na ukakamae. Nyuzi zisingekuwepo ungevimba kama puto. Kwa hiyo unachonunua hasa ni ugumu, na ugumu unategemea unene na presha. Ubao wa sentimita 10 ukisimamiwa na mtu mzima hupinda katikati: pua na mkia vinainuka, tumbo linazama, na kila unapovuta kafi maji yanaushika. Baba Baraka ni mtu wa mwili. Huo ungekuwa wa Baraka peke yake, na baada ya miaka michache hata yeye ungemshinda. Wa sentimita 15, ambao ndio ule uliotumika, utawabeba nyote.

Vipimo vyake vingine umeniandikia ni futi 10 na inchi 6 kwa urefu, inchi 32 kwa upana, yaani mita 3.2 kwa sentimita 81. Hivyo ni vipimo vizuri kwa anayeanza. Upana ndio unaokupa utulivu, urefu ndio unaokupa mwendo na kukusaidia kwenda moja kwa moja. Wengine watakushauri uchukue wa futi 12 kwa sababu unakimbia zaidi. Ni kweli unakimbia, lakini huwa mwembamba na mgumu kugeuza, na wewe na mtoto hamjafika huko.

Sasa ukienda kuutazama, usikubali kuonyeshwa ukiwa umekunjwa kwenye mkoba. Omba ujazwe mbele yako hadi presha iliyoandikwa karibu na vali, yaani tundu la kuingizia upepo. Nyingi huandikwa PSI 15 (PSI ni kipimo cha presha), nusu hivi ya gurudumu la gari dogo. Kisha inama upande wa mkia utazame hadi puani kuona kama umenyooka au umejipinda. Nenda na sabuni ya unga na sponji, upake povu kwenye mshono wote wa pembeni, kwenye vali, na kwenye vile vipete vya kufungia kamba. Povu likichemka kwenye vali usitishike, mara nyingi vali imelegea tu na inakazwa kwa spana yake ya plastiki inayokuja na ubao. Likichemka kwenye mshono, shukuru na urudi nyumbani na pesa zako. Kiraka cha katikati fundi anaweza kukibandika kikashika miaka. Mshono uliochoka huachia hapa leo na pale kesho.

Uliza pia kama mishono imechomelewa kwa joto au imebandikwa kwa gundi pekee. Huko kwenu baridi inasaidia, lakini huku ubao ukikaa mchana ndani ya buti la gari lililoegeshwa juani, gundi inalainika. Na mwenyewe akikubali ubao ulale umejaa hadi asubuhi, bora zaidi. Ila ujue usiku wa Nakuru ni wa baridi na hewa hunywea kwenye baridi. Ukikuta sindano ya geji, kile kipimio cha presha, imeshuka PSI 1 hivi, usimhukumu mtu wa watu.

Kuhusu kujaza nieleze kwa urefu, maana ndipo watu wengi wanapokata tamaa. Pampu ya mkono inayokuja na ubao huingiza upepo ukisukuma na ukivuta. Mwanzoni ni mchezo. Utatazama geji na sindano haisogei kabisa, utafikiri imekufa. Haijafa. Hewa inajaza nafasi kwanza, na sindano huanza kuamka presha ikishapanda kidogo. Ikifika PSI 7 au 8 mikono inaanza kulia. Hapo geuza pampu ifanye kazi upande wa kusukuma tu, na usukume kwa uzito wa mwili, mikono ikiwa imenyooka. Usiishie PSI 9 ukasema inatosha. Hapo ndipo ubao mzuri unapogeuka kuwa wa hovyo, na mtu anaulaumu ubao. Kama Baba Baraka ataweza, anunue pampu ya umeme inayochomekwa kwenye tundu la sigara la gari. Ukiipangia presha, inazima yenyewe ikifika.

Kuna jambo dogo ndani ya vali nataka ulitazame kwa macho yako. Ukifungua kifuniko utaona msumari mdogo wa plastiki katikati, wenye springi. Ukiubonyeza na kuuzungusha hubaki chini, na vali inakuwa wazi. Ukiubonyeza tena unaruka juu, na vali inafunga. Wakati wa kujaza ni lazima uwe juu. Ukiwa chini, siku hiyo utatoka jasho hadi PSI 15, uchomoe bomba, na upepo wote utoke kwa mlio wa kutisha kuku. Mfundishe Baraka kuukagua huo kabla ya mtu yeyote kushika pampu. Iwe kazi yake. Watoto hupenda kupewa jukumu la kweli.

Mkija huku njooni na ubao umekunjwa. Mkoba wote na pampu ndani hauzidi sana kilo 12 au 15, unaingia nyuma ya matatu bila ugomvi. Kuufunga juu ya gari ukiwa umejaa kupitia Mau Summit na Kericho sikushauri. Ziwa letu, Viktoria, liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kule juu ya Mau unapita mita 2,400. Hewa ya nje inapungua nguvu, ya ndani inabaki ileile, kwa hiyo ubao uliojazwa Kisumu utazidi kukaza wakati wa kurudi, na jua likiwa kali juu yake unautesa mara mbili.

Kafi lirefushwe hivi: lisimamishe mbele yako, inua mkono juu, mpini ufike kwenye kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoanzia. Bapa la chini limepinda kidogo, na mpindo huo unaelekea mbele, sio nyuma. Wanaoanza karibu wote hulishika kinyume kwa sababu linaonekana kama litachota maji vizuri zaidi, lakini likiwa kinyume linainua maji badala ya kukusukuma. Lizamishe lote, livute hadi usawa wa mguu, litoe. Nguvu itoke kiunoni. Anza ukiwa umepiga magoti katikati penye mshikio, na usimame ukishasogea, kwa sababu ubao unaotembea hutulia kuliko uliosimama. Macho yatazame mbali. Ukitazama miguu yako, utaifuata majini.

Zaidi ya kusimama, jifunze kupanda tena. Kwenye maji yanayofika kifuani, jiangushe kwa makusudi upande, mbali na ubao, kisha ushike ule mshikio wa katikati, piga miguu hadi mwili ulale juu ya maji, halafu jivute kwa tumbo. Rudieni hivyo wote watatu hadi iwe jambo la kawaida. Mtu asiyeweza kujipandisha mwenyewe hajawa tayari kwenda kwenye kina, hata awe anasimama vizuri namna gani. Na jaketi la kuokolea livaliwe, lisifungwe kwenye ubao kama pambo. Kamba ya mguuni nayo usiidharau: ubao uliojaa hewa ni mwepesi, ukianguka na upepo ukaushika, hata muogeleaji hodari haufikii.

Sasa ziwa lenyewe. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, kwa hiyo alfajiri upepo wa hapa Kisumu hutoka nchi kavu kuelekea ziwani. Mchana mambo yanageuka: nchi kavu inachemka, upepo unatoka ziwani kuja mjini na kuinua mawimbi mafupi mafupi. Wavuvi wamezipangia kazi zao pepo hizo mbili tangu enzi za tanga. Asubuhi ndiyo saa nzuri, maji yametulia, lakini kumbuka upepo ule mwanana unakusukuma kwenda mbali na pwani wakati unafurahia urahisi wa safari. Ndiyo maana kila mara mimi huambaa na pwani, nikianza kwa kwenda dhidi ya upepo, hata kama ni polepole, ili wa kurudi uwe ndio unaonisukuma. Na kufika saa nne niwe nimetoka majini. Mchana huku mawingu hukusanyika upesi, na wewe uliyesimama peke yako juu ya maji mapana ndiye mrefu kuliko vyote wakati wa radi. Ukisikia ngurumo, hata ya mbali, piga magoti urudi.

Mkija nitawapeleka Dunga, ufuo wa wavuvi hapa Kisumu. Tutawaona viongozi wa BMU, kikundi kinachosimamia ufuo, kwanza, tuwasalimie na tuwaulize viboko wako wapi wiki hiyo, maana hao ndio wanaojua. Kiboko hula nyasi usiku na kurudi majini alfajiri, na mchana hujituliza penye kina kifupi karibu na mafunjo. Kwa hiyo tutasubiri jua litoke vizuri, tutapita mbali na mafunjo, na hatutakaa kati ya mafunjo na maji ya kina, kwa sababu hiyo ndiyo njia yake ya kukimbilia. Kwa wazo lako la Naivasha, nakuomba usiende bila mtu wa huko anayewajua viboko wake. Ni wengi, na ufuo una mafunjo. Ziwa Nakuru liko ndani ya hifadhi, hilo liache.

Magugu maji nayo yana tabia yake. Tangu yalipoenea ziwani miaka ya 1990, upepo huyahamisha kutoka upande mmoja wa Ghuba ya Winam hadi mwingine, na gati lililokuwa wazi asubuhi linaweza kuzibwa jioni. Pezi refu la katikati chini ya ubao hunasa mizizi yake, na hunasa nyavu pia. Uliza kama ubao huo una kisanduku cha pezi cha kipimo cha kawaida, ili uweze kununua pezi fupi lililolala kwa nyuma. Ukiona maboya madogo yamejipanga, zunguka. Chini yake kuna wavu wa mtu aliyekesha.

Kichocho sikifichi. Kinaletwa na vijidudu kutoka kwa konokono wanaoishi pembeni penye majani, hasa pale watu wanapofulia na ng'ombe wanapokunywa, na huingia kupitia ngozi kwa dakika chache. Huwa wengi zaidi majini jua likiwa kali, sababu nyingine ya kupenda asubuhi. Tutaingilia penye maji wazi, tukiwa na viatu vya raba. Baada ya wiki sita au nane mkapimwe hospitali, kwa sababu dawa yake, prazikwanteli, huua minyoo iliyokwisha kukomaa, na ukiimeza siku ileile haikusaidii sana.

Naona nimekuandikia hatari nyingi. Ni kwa sababu nataka uje na urudi tena. Mama Baraka, kusimama juu ya hili ziwa ni raha ambayo boti haikupi. Boti za omena zinarudi na taa zao zimezimwa, wanaume wamechoka wanakupungia mkono, na wewe umesimama urefu wako wote, unaona mdiria akijitupa majini na kutoka na kisamaki kabla hujamaliza kuvuta kafi. Hakuna injini, unasikia watu wakizungumza pwani. Nimeishi Kisumu tangu utotoni na sikuwa nalijua ziwa hili namna hiyo. Mkipata nafasi ya siku kadhaa, tutaenda hadi Mbita na kuvuka hadi kisiwa cha Takawiri, kwenye mchanga mweupe, Baraka ajifunzie huko.

Kabla hujalipa, nitumie picha tatu kwa simu: vali ikiwa wazi, mshono wa pembeni karibu na mkia, na kisanduku cha pezi kwa chini. Na umuulize mwenyewe kama alikuwa akiukausha kabla ya kuukunja. Ukisikia harufu ya ukungu kwenye mkoba, mwambie apunguze bei.

Msalimie Baba Baraka na mtoto.

Ni mimi, mwenzako,
Mama Tumaini