Barua ya kufunga muhula: yule mama wa mwani katika madaftari ya watoto wenu

Kwa wazee na walezi wote,

Assalaam alaykum.

YAH: KUFUNGA MUHULA, NA KAZI YA GEMU YA KIDATO CHA TATU

Muhula umekwisha salama, alhamdulillahi. Ripoti za masomo mtakabidhiwa siku ya kufunga, na tarehe ya kufungua skuli imeandikwa chini ya kila ripoti. Aliyebakisha mchango wa kambi ya Kidato cha Nne anaombwa amuone mhasibu. Nafasi iliyobaki naitumia kwa suali ambalo wengi wenu mmeniuliza, wengine kwa simu, wengine njiani: kwa nini watoto wanarudi jioni na madaftari yaliyojaa picha za mwanamke mmoja aliyeinama?

Mwanamke huyo ni mhusika mkuu wa gemu inayotengenezwa na watoto kumi na mmoja wa klabu ya kompyuta. Mchezaji anamwongoza mkulima wa mwani wakati wa bamvua, siku ambazo maji hukupwa na kujaa sana. Maji yamekupwa, shamba liko wazi, naye inabidi afunge mbegu, yaani vipande vya mwani, kwenye kamba, aondoe magugu, avune mwani uliokomaa, kisha awahi kutoka kabla maji hayajajaa. Kazi hii iko pwani yetu ya mashariki tangu mwaka 1989, ilipoanza katika vijiji vya Paje na Jambiani hapa Unguja, na wengi wa watoto hawa wamesomeshwa kwa fedha zake. Hata hivyo, walipokaa kumchora mara ya kwanza, walichora msichana mwenye upanga, kiuno chembamba, nywele zinapepea. Ilikuwa picha safi, iliyochorwa kwa mkono mzuri. Tukamwalika mama mmoja mkulima, mzazi wa hapa hapa skuli, aje aione. Aliitazama kwa muda, kisha akasema: "Huyu hajainama hata siku moja." Hakuongeza neno. Watoto wakaiweka pembeni picha ile wakaanza upya.

Bamvua iliyofuata tuliwapeleka pwani na penseli. Nilikwenda nao, nikasimama majini mpaka magotini nikiangalia wanachoangalia. Binti mmoja alikaa karibu saa nzima juu ya jiwe akimchora mama mmoja tu: mkono wa kushoto umeshika kamba, wa kulia unazungusha kifundo, na kikamba kinachofuata amekibana kwa meno. Kile kikamba cha menoni hakuna aliyekiwaza darasani. Sasa kimo ndani ya gemu, na kwangu mimi ndicho kinachomfanya mhusika yule awe mtu.

Waliporudi, mwalimu wa Kiswahili aliwakataza kugusa kompyuta kwanza. Aliwataka waandike wasifu wake ukurasa mzima, kama wanavyochambua wahusika katika fasihi: ana umri gani, fedha anazipeleka wapi, anaogopa nini, na kwa nini amechagua kanga ile na si nyingine. Juu ya kanga walibishana siku mbili. Mwisho wakampa yenye jina "Mtegemea cha nduguye hufa maskini", kwa sababu, walivyoandika wenyewe, mama huyu alianza kilimo ili awe na fedha yake mkononi.

Shida ikawa namna ya kuionesha. Kwenye skrini, ambako picha huundwa kwa vidoti vya rangi, mama huyu ana vidoti 32 kwa upana na 32 kwa urefu, yaani vidoti 1,024 tu, na uso wote umepata vinane kwa vinane. Jina la kanga halisomeki hapo. Mwalimu wa kompyuta aliwapa mfano wa Mjapani Shigeru Miyamoto, mbunifu wa gemu: alipomchora Mario, mhusika wa gemu mashuhuri, mwaka 1981 vidoti vilikuwa vichache hata mdomo na nywele havikuchoreka vizuri, ndipo akampa masharubu na kofia. Watoto wetu nao wakaamua lipi libaki. Wakabakisha pindo na rangi ya mji, yaani sehemu ya kati ya kanga, na jina wakaliweka kwenye picha kubwa inayotokea mama anapozungumza.

Kisha wakafanya jaribio ambalo nilitamani mngeliona. Walimpaka weusi mtupu kuanzia kichwani hadi miguuni, akabaki kivuli, wakawaonesha watoto wa Kidato cha Kwanza na kuuliza huyu ni nani. "Mama wa mwani," wakajibu, kabla suali halijamalizika. Mgongo ulioinama ulitosha.

Rangi nazo zina kazi. Mwani unaougua hugeuka mweupe, na mchezaji anatakiwa aujue ulioanza kuumwa kabla haujakatika. Wachoraji waliona kijani iliyofifia inatosha kuwa dalili. Mwenzao mmoja, anayeandika programu, akasema yeye haoni tofauti yoyote. Tulikuja kugundua kwamba kijana huyu hatofautishi vizuri kijani na kahawia, na miaka yote hiyo hakuna aliyejua, hata nyumbani kwao. Sasa mwani mgonjwa, mbali ya kupauka, unachorwa na matawi yaliyolegea. Wazazi wake nimeshazungumza nao, na ameelekezwa kupimwa macho.

Haikwenda vizuri siku zote. Wachoraji watatu walikuwa na mikono mitatu: mmoja anazungushia picha mstari mnene, mwengine hana mstari kabisa, wa tatu jua lake linatoka kulia wakati la wenzake linatoka kushoto. Picha zikiwekwa pamoja, mama, ngalawa na mawe vilikuwa kama vimetoka nchi tatu. Ilibidi waandike kanuni kwenye karatasi moja na kuibandika ukutani: jua linatoka juu kushoto, mstari wa kidoti kimoja, rangi 16 basi. Pia waliwahi kupoteza picha zote nane za mama akitembea majini, kwa sababu zilikuwa kwenye flashi moja, nayo ikafa. Wawili hawakusemeshana wiki nzima. Wamezichora tena, na sasa kila kazi inahifadhiwa mahali pawili.

Wazazi wawili walikuja kuniuliza kuhusu kuchora viumbe wenye roho. Nawashukuru kwa kuja wenyewe. Mtoto ambaye wazee wake hawaridhii halazimishwi: anachora bahari, mawingu, ngalawa, vigingi na mwani wenyewe, na kazi hiyo ni kubwa kuliko inavyofikiriwa, kwani maji yanayojaa ndiyo yanayomtia mchezaji haraka.

Kuhusu masomo, klabu inakutana siku mbili kwa wiki baada ya vipindi, na anayeshuka alama anasimama kwanza hadi apande. Muhula huu tumewasimamisha wawili, mmoja ameshapanda na kurudi. Sikusudii kulegeza hapo.

Likizo hii nawaomba msiyatupe madaftari yale, hata yaliyochakaa. Mtoto wa kuchora hahitaji simu wala kompyuta nyumbani, penseli na karatasi vinatosha. Akikaa kukutazama unapokuna nazi au unaposhona wavu, mwache atazame.

Siku ya kufunga, kuanzia saa 3 asubuhi, gemu itakuwa wazi katika chumba cha kompyuta, na kila mzee anakaribishwa kuicheza. Kina mama wa mwani nawaomba hasa. Watoto bado hawajaridhika na namna mama anavyolibeba gunia lililorowa akitoka majini: wengine wanasema analitia kichwani, wengine wanasema analikokota kwanza mpaka kina kipungue. Gunia tutaliweka mlangoni.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu