Malalamiko kuhusu rauta ya storeji mliyotufungia bila kuiseti inavyotakiwa

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja

Habari za kazi. Mimi ni mteja wenu wa Mwanza, nina studio ya kushuti na kuediti video za harusi, sendofu na kipaimara huku Nyegezi. Mwezi wa tano nilinunua kwenu rauta ya storeji, ile yenye diski mbili ndani za kuhifadhia faili, za terabaiti 4 kila moja, pamoja na swichi ya porti 8 ya kuunganisha kompyuta kwa kebo, na juu yake nikalipa 150,000 ya fundi kuja kufunga na kuseti mtandao. Ankara ninayo na imeandikwa kabisa "ufungaji na usetiji wa mtandao". Hiyo 150,000 ndiyo inayonifanya niandike, kwa sababu kufunga mlifunga lakini kuseti hamkuseti, na nimeteseka karibu miezi miwili bila kujua tatizo liko wapi.

Nianze siku ya kwanza. Rauta ya fiba tuliyokuwa nayo, inayotuletea intaneti, anwani yake ya mtandao ni 192.168.1.1, na rauta yenu nayo ilikuja na hiyohiyo 192.168.1.1, fundi akachomeka kebo upande wa WAN, yaani wa mtandao wa nje, akawasha, basi intaneti ikakata kwenye kompyuta zote maana mtandao wa nje na wa ndani vilikuwa na namba zilezile. Hilo silaumu sana, hutokea. Ila badala ya kubadilisha namba za upande mmoja alihamisha kebo kwenye porti ya LAN, yaani ya mtandao wa ndani, akaiweka rauta ya storeji iwe inaomba anwani yenyewe kwa rauta ya fiba, ikapata 192.168.1.14, akaunganisha foda za kompyuta zetu kwenye hiyo 14, akaniambia boss tayari, akaondoka. Hakuandika chochote popote.

Sasa huku kwetu umeme unakatika. Mara ya kwanza ulikatika kama masaa mawili hivi, uliporudi rauta ya fiba iliwaka haraka ikaanza kugawa anwani upya, na simu za watu zilizokuwa kwenye wayafai zikawahi kabla ya storeji, maana storeji yenyewe inachukua kama dakika 3 mpaka iamke vizuri. Ile 14 ikaenda kwa simu ya bibi harusi aliyekuja kuchagua picha, storeji ikapewa 17. Kijana wangu wa kuediti anafungua kazi ya harusi tuliyokuwa tunaikabidhi kesho yake, klipu zote zaidi ya 600 nyekundu, faili halipo, faili halipo, mpaka mwisho. Jamani tulijua diski zimekufa. Huyo binti alikuwa amekaa palepale kwenye kochi anatuangalia, sikujua nimwambie nini.

Nikapiga simu kwenu, nikaambiwa zima uwashe. Nikazima nikawasha, ikapata namba nyingine tena. Nimepiga mara nne kwa siku tofauti na jibu ni hilohilo, hakuna hata mmoja aliyeniuliza storeji inatumia anwani ya kudumu au ya kupewa.

Aliyenisaidia ni mdogo wangu, anafanya kazi za mitandao Arusha, na alinielekeza kwa simu tu. Tuliingia kwenye rauta ya fiba tukaiambia igawe anwani kuanzia 100 mpaka 200, halafu storeji tukaipa 192.168.1.10 ya kudumu, maski 255.255.255.0, getiwei (njia ya kutokea kwenda intaneti) 192.168.1.1, tukaunganisha foda upya. Dakika 10 hazikuisha. Toka siku hiyo umeme umekatika sijui mara ngapi na foda zinarudi zenyewe. Kazi ya dakika 10 niliyoilipia kwenu ndiyo iliyonifanya nichelewe kukabidhi harusi tatu za watu, na mmoja nimemrudishia nusu ya hela yake.

Jambo la pili ni kukopi. Kwenye kompyuta kubwa ya kuediti foda inafunguka vizuri, majina ya faili unayaona, lakini ukivuta klipu ya giga 20 inaganda palepale mwanzoni, sifuri asilimia, unasubiri mpaka inakata yenyewe. Laptopu ya zamani iliyokaa pembeni yake, kwenye swichi hiyohiyo, inakopi bila shida. Hicho kitu kilituchanganya wiki nzima, tukabadilisha mpaka kebo. Mdogo wangu akaniuliza MTU, yaani ukubwa wa mwisho wa pakiti moja ya data kwa baiti, imewekwa ngapi. Kumbe fundi wenu aliweka 9000 kwenye storeji na kwenye kompyuta kubwa ili iwe na kasi, halafu katikati kuna swichi isiyopitisha pakiti kubwa kiasi hicho. Laptopu ilibaki na 1500 ya kawaida, ndiyo maana yenyewe ilikuwa salama, maana vifaa viwili vikiongea vinafuata MTU ya yule mwenye ndogo. Tulijaribu kwa kuping storeji, yaani kuitumia pakiti tuone kama inajibu, kutoka kompyuta kubwa: pakiti ya 1472 inajibu vizuri, ya 8972 hakuna jibu hata moja. Nikarudisha zote 1500, klipu zikaanza kutembea. Swichi hiyo mmeniuzia nyie wenyewe, ipo kwenye ankara ileile, na muuzaji aliniambia inapokea 9000. Haipokei.

La tatu ndilo linalonitisha zaidi. Nilimwambia fundi ningependa nikiwa safarini niweze kuona faili za studio, akasema rahisi, akaingia kwenye rauta ya fiba akafungua porti 445 kutoka nje, yaani ule mlango wa mtandao unaotumika kufungua foda za kompyuta nyingine. Na storeji aliiacha na jina admin, paswedi admin. Nilipofungua kumbukumbu za mashine nilikuta majaribio ya kuingia ya saa 8 na saa 9 usiku, administrator, test, user, yanafuatana kila baada ya sekunde chache, kutoka anwani ambazo hatuzijui. Hiyo ni porti ileile ambayo virusi vya WannaCry vilipitia Mei 2017 vikafunga kompyuta za watu dunia nzima, hospitali za Uingereza zikiwemo. Mle ndani kuna harusi za watu, kuna picha za watoto wa watu. Mtu akitaka kuingia kutoka nje anawekewa VPN, yaani njia ya siri iliyofungwa kwa ufunguo, na fundi wa mtandao anatakiwa alijue hilo kabla hajagusa rauta ya mteja. Nimeshaifunga na paswedi nimebadilisha.

Ninachoomba ni mnirudishie 150,000 ya usetiji, na swichi mnibadilishie kwa ile mliyosema mnaniuzia au mrudishe hela yake. Mtume pia mtu mwingine, siyo yule, aniwekee VPN, na akimaliza aache karatasi yenye anwani zote, paswedi na MTU alizoweka, ibandikwe ukutani hapa studio.

Halafu tafadhali sana, kuna wenzangu wawili wa studio hapa Mwanza nimewaelekeza mimi mwenyewe kwenu na wamefungiwa na fundi huyohuyo mwezi wa sita. Nimewapigia jana, mmoja porti 445 yake iko wazi mpaka leo na hajui kuifunga. Wapigieni leo, msisubiri barua yangu ijibiwe.

Picha za ankara, za kumbukumbu za usiku na za majibu ya ping nimeziambatanisha. Naomba nijibiwe kwa maandishi kabla ya Ijumaa, Jumamosi tuna harusi mbili na kompyuta kubwa sitaki iguswe siku hiyo.

Mteja wenu,
Studio ya video, Nyegezi, Mwanza