Kabla Hujalipia Hiyo 666

Sahibu yangu,

Salamu nyingi, na wa nyumbani wote nawasalimu. Swali lako lilikuwa fupi: huyo muuzaji mwenye 666, albamu ya bendi ya roki ya Kigiriki Aphrodite's Child, santuri mbili ndani ya jalada jekundu, umpe pesa au umwache? Usimpe bado. Mwombe aweke upande wa nne na auache ucheze mpaka mwisho, wewe utege sikio kwenye wimbo wa kufungia, "Break". Ni dakika tatu tu, lakini zitakwambia mengi kuliko jalada.

Sababu yake ni hesabu. Upande huo una nyimbo mbili: "All the Seats Were Occupied", unaokula dakika 19 na ushei, kisha "Break" umebanwa kwenye nafasi iliyobaki jirani na lebo ya katikati. Santuri huzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, mwanzo hadi mwisho, ila duara la nje ni kubwa na la ndani ni dogo. Ukingoni sindano hupita sentimita 51 hivi za mfereji, ule mstari inaoufuata, kwa sekunde. Kule ndani kabisa hupita kama 21. Sauti ile ile inaminywa kwenye nafasi isiyofika nusu, na zinazoumia kwanza ni s na sh za mwimbaji: hutoka zikichachatika kama mafuta ya kukaangia. "Break" ni wimbo wa taratibu, anauimba Lucas Sideras, hauna makelele ya kufichia kasoro. Kama nakala imewahi kuchezwa na sindano iliyokwisha, hapo ndipo itakapojisema.

Huwezi kusema basi, huo nitauruka. Albamu hii ni kisa kimoja, na kisa kinaishia hapo. Maneno ni ya Costas Ferris, muziki ni wa Vangelis, mpiga kinanda wa bendi: kundi la sarakasi linaonyesha Ufunuo wa Yohana ndani ya hema, na nje ya hema Ufunuo wenyewe umeanza. Watazamaji wanadhani zile ngurumo ni sehemu ya onyesho. Jina lake kamili ni 666 (The Apocalypse of John, 13/18), yaani ule mstari wa "Hapa ndipo penye hekima". Katika "All the Seats Were Occupied" vipande vya nyimbo za nyuma vinarudi vimechanganyika, hema na dunia havitofautishwi tena, kisha inakuja "Break" kama mtu anayezima taa. Ikichachatika, mwisho wote umeharibika.

Pande nyingine tatu zina mitihani yake. Upande wa kwanza, sikiliza "The Four Horsemen". Beti zake ni nyororo, Demis Roussos (ndiyo, yule yule wa makanzu mapana na nyimbo za mapenzi) anaimba kwa utulivu, halafu kiitikio kinalipuka kwa ngoma na gitaa la Silver Koulouris. Kiitikio kikikwaruza ilhali beti ni safi, mfereji umelika, na hakuna sabuni itakayourudisha hata kama santuri inang'aa kama kioo. Upande wa pili, "Aegian Sea": muziki unaelea, msimulizi anazungumza, na kila punje ya vumbi inasikika. Ukisikia tik, hesabu. Tik inayojirudia kila sekunde 1.8 ni mchubuko unaokatiza mifereji, maana huo ndio muda wa mzunguko mmoja. Zinazokuja ovyo ni vumbi au umeme tuli, na hizo zina dawa.

Upande wa tatu una "∞", mwigizaji Irene Papas akirudia maneno machache mpaka sauti inakuwa kilio, kicheko na mengineyo. Huo ndio uliowakera wakubwa wa kampuni ya santuri. Albamu ilirekodiwa Paris ikakaa, ikatoka 1972 wakati bendi imeshavunjika. Usiupige wazee wakiwa sebuleni.

Kuhusu toleo: la mwanzo lina nembo ya Vertigo, ile ya mizunguko myeusi na myeupe inayotia kizunguzungu, na namba 6673 001. Wakusanyaji hulipa fedha nyingi kwa nembo hiyo. Mimi kwa kusikiliza ningechukua toleo la baadaye lililo safi kabla ya la kwanza lililochoka. Lile la Ugiriki lina mchanganyo tofauti wa sauti; ni la kutafuta ukishakuwa na la kawaida. Hakikisha pia santuri zote mbili zina nembo ya aina moja. Wapo wanaounganisha moja ya nakala hii na moja ya nakala ile, na jalada halisemi.

Ukiinunua, usiicheze kwenye vile vimashine vya santuri vya kubebeka kama sanduku. Vingi hukandamiza kwa gramu 5 hivi, na sindano zake ni za ncha ya mviringo, ambayo haiingii vizuri kwenye mikunjo midogo ya ndani. Katriji (kile kichwa kinachoshika sindano) kama AT-VM95E ya Audio-Technica ina ncha ya duaradufu na inataka gramu 2.0, ukipungua sana 1.8, ukizidi 2.2. Pima kwa mizani ndogo, usiamini namba zilizoandikwa kwenye mkono wa mashine. Na usipunguze uzito ukidhani unaihurumia santuri: sindano nyepesi mno hurukaruka ndani ya mfereji na kuugonga kuta, madhara yake ni makubwa kuliko ya uzito kiasi. Kisha panga katriji kwa karatasi ya kupimia, iwe sambamba na mfereji kwenye milimita 66.0 na 120.9 kutoka katikati. Nusu ya malalamiko ya "Break" huishia hapo. Watu husingizia santuri kumbe katriji imekaa upande.

Kusafisha: sehemu 4 za maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke, yale ya betri ambayo hayajatiwa asidi, kwa sehemu 1 ya spiriti ya isopropili, na tone moja la sabuni ya vyombo isiyo na manukato. Pitisha kitambaa laini kufuata mzunguko, kamwe usikate kwenda katikati, na lebo isiguswe na maji. Suuza kwa maji yale yale matupu. Maji ya kisima ya huko kwenu yana chumvi. Yakikauka yanakuachia tik mpya. Na tafadhali dawa hii isikaribie zile santuri nzito za taarabu za mizunguko 78 alizoacha babu. Zile ni za shelaki, utomvu mgumu, si plastiki; spiriti huziyeyusha.

Zisimamishe wima, zisilaliane. Joto la gari lililofungwa vioo juani linatosha kuzipinda kabla hujafika nyumbani, kwa hiyo siku ya kuichukua nenda asubuhi.

Niandikie ukishaisikia. Jalada liache, niambie tu s za "Break" zimetokaje.

Wako,
Sahibu