Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Mwaka Tuliowatazama Maadui

Ndugu Wanachama,

Mkutano Mkuu uliopita ulipitisha azimio kwamba mwaka mzima tushughulike na jambo moja: waigizaji waliotisha kuliko wote katika filamu. Waigizaji, si filamu za kutisha. Filamu inaweza kukurusha kitini kwa muziki, kwa giza au kwa paka anayeruka dirishani, hata kama mwigizaji mwenyewe amesimama kama gogo. Sisi tulimtafuta yule ambaye hata ukizima muziki na kuwasha taa, namna anavyosimama na anavyomwangalia mwenzake bado inakufanya usogeze kiti nyuma. Hesabu za mwaka zitasomwa na Mweka Hazina, na mambo ya uanachama yako kwa Katibu. Mimi nitabaki kwenye kazi yenyewe.

Kila filamu tuliitazama nzima kwanza, bila maneno. Kisha tulichagua kipande cha dakika tano hadi saba tukakitazama bila sauti, halafu tukafunika skrini kwa kitambaa cheusi tukasikiliza sauti peke yake. Baada ya hapo kila mtu aliandika kwenye karatasi hofu imekaa wapi: mwilini, kwenye sauti, au kwenye ukataji wa picha. Hofu ikitoweka mara tu sauti inapozimwa, basi sehemu kubwa ni ya mpiga muziki au fundi wa sauti, na si haki mwigizaji kubeba sifa ya mwenzake.

The Exorcist (1973) ilituonyesha kwa nini zoezi hili ni la lazima. Bila sauti unamwona Linda Blair, msichana mdogo anayeigiza mtoto aliyepagawa na shetani, akiwa amefunikwa na kazi ya mpambaji Dick Smith. Chumba cha kulala kilipozwa kwa mitambo hadi chini ya nyuzi sifuri ili pumzi zionekane, kwa hiyo mvuke ule ni wa kweli, na sehemu ya kutetemeka kule ni baridi tupu. Funika picha, na unachosikia ni Mercedes McCambridge, mwigizaji mzoefu aliyekuwa na Oscar yake tangu All the King's Men (1949). Shetani yule ni watu wawili. Ukimpa mmoja alama zote umemdhulumu mwingine, na kwa muda mrefu aliyedhulumiwa alikuwa McCambridge, kwa kuwa filamu ilipotoka mara ya kwanza jina lake halikuandikwa.

Kazi iliyotuchukua muda mrefu zaidi ilikuwa ya Anthony Hopkins katika The Silence of the Lambs (1991), iliyoongozwa na Jonathan Demme. Hopkins anaonekana chini ya nusu saa katika filamu inayokaribia saa mbili, na bado alipata Oscar ya mwigizaji bora wa kiume. Kipande tulichokichagua ni cha Clarice, mwanafunzi wa FBI anayeigizwa na Jodie Foster, kufika mara ya kwanza kwenye hospitali ya wahalifu wenye wazimu anakofungiwa Lecter, muuaji mla watu anayeigizwa na Hopkins. Anapita kwenye ushoroba wenye seli, na wafungwa wengine wanafanya yale tunayoyategemea: wanasogea, wanasema maneno machafu. Anafika mwisho, na huyu amekwisha kusimama. Wima, katikati ya seli, mikono ubavuni, kama mwenyeji aliyejua mgeni wake atafika dakika ile. Hakai, haegemei, hainuki kumpokea. Kusimama huko, ambako Hopkins mwenyewe ndiye aliyekupendekeza, kunamaliza kazi kabla hajafungua mdomo.

Baada ya hapo angalieni macho. Demme na mpigapicha wake, Tak Fujimoto, walimfanya Hopkins aitazame kamera moja kwa moja, ilhali Foster anatazama pembeni kidogo ya lenzi. Kwa hiyo Lecter anakutazama wewe uliyeketi kwenye kiti, na Clarice anamtazama yeye. Hopkins anapepesa macho mara chache sana. Pia hakuna nondo kati yao, ni kioo, kwa hiyo hakuna chuma kinachokatiza uso. Tulipozima sauti, karatasi nyingi zilirudi na jibu lilelile: hofu imebaki.

Wanaomwiga Hopkins hukosea mahali pamoja. Wanatoa macho, wanafyonza hewa kwa meno, na wanasahau adabu. Lecter ni mpole, anasikiliza, anamsahihisha mgeni kama mwalimu anayempenda mwanafunzi wake. Ukiondoa upole huo kinabaki kichaa wa kawaida, na kichaa wa kawaida unaweza kumkimbia. Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Wahenga walilijua hili kabla kamera haijabuniwa.

Jambo lililobadilisha karatasi zetu za alama lilitokea tulipofika kwa Javier Bardem katika No Country for Old Men (2007), ya ndugu Coen. Mnalijua onyesho la sarafu katika duka la kituo cha mafuta, ambamo muuaji anamtaka mwenye duka abashiri upande wa sarafu bila kumwambia dau ni nini. Anton Chigurh, muuaji huyo anayeigizwa na Bardem, anauliza bei, mzee wa duka anajibu na kuongeza neno moja la mazungumzo, kama wauzaji wote wanavyofanya, na hilo neno linakuwa kosa. Bardem hapandishi sauti. Anarudia maneno ya mzee kama anayapima kwenye mizani. Kisha anaikunja karatasi ya njugu alizokuwa akitafuna na kuiweka juu ya kaunta, na kamera inabaki hapo: karatasi inajikunjua yenyewe, polepole, ikitoa sauti ndogo. Hakuna kitu kingine kinachotokea, na hakuna asiyejua kwamba mzee yule anaweza kufa.

Tulipofunika skrini tukasikiliza tu, tuligundua kwamba anayetutisha ni mzee. Gene Jones, mwigizaji wa onyesho moja, ndiye anayepumua vibaya, anayecheka kicheko kisichokuwa na mahali pa kwenda, anayeuliza ameweka dau gani. Bardem anaweza kubaki mtulivu kwa sababu mwenzake ameibeba hofu yote kwa niaba yetu. Tangu siku ile karatasi ya alama ina safu ya pili: nani aliogopa, na aliogopa vipi. Tulirudi kwa Hopkins tukampa Foster alama zake: angalieni anavyomeza mate pale Lecter anapoitaja asili yake ya kimaskini, na anavyokataa kuinama. Tulirudi pia kwa The Shining (1980). Watu wanakumbuka shoka na mlango, lakini kipande kinachoshinda mtihani wa kuzima sauti ni kile cha ngazi, Shelley Duvall akirudi kinyumenyume na gongo mkononi huku Jack Nicholson akimfuata bila haraka na kumhakikishia kwamba hatamdhuru. Bila Duvall, Nicholson ni mtu anayepanda ngazi tu.

Kuhusu filamu za kale nitapita haraka. Peter Lorre, muuaji wa watoto katika M (1931) ya Fritz Lang, anatangazwa kwa mluzi wa muziki wa Grieg. Lorre hakuweza kupiga mluzi, kwa hiyo tunayemsikia ni Lang mwenyewe. Max Schreck, mnyonya damu katika Nosferatu (1922), anatisha kwa ukakamavu: mabega juu, mikono imebana mwili, anainuka jenezani kama ubao. Lakini angalizo moja: filamu bubu za wakati ule zilipigwa kwa mkono, picha chache kwa sekunde kuliko 24 za leo. Ukizionyesha kwa 24, Schreck anatembea kama kuku na ukumbi unacheka. Nakala isiyorekebishwa mwendo msiilete.

Sasa niseme kwa kirefu kuhusu Idi Amin, maana hapa tulikuwa na kipimo ambacho watazamaji wa nchi nyingine hawana. Katika Afrika Mashariki wako watu wazima walioisikia sauti yake redioni. Tuliweka kazi tatu bega kwa bega. Ya kwanza si uigizaji kwa maana ya kawaida: ni filamu ya hali halisi ya Barbet Schroeder ya 1974, ambamo Amin anajiigiza mwenyewe, anacheka, anapiga kodiani, anawahutubia mawaziri wake. Ya pili ni Rise and Fall of Idi Amin (1981), ya Sharad Patel, iliyotengenezwa Kenya miaka miwili tu baada ya Kampala kutekwa Aprili 1979 na majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni. Ndani yake yumo Joseph Olita wa Siaya, aliyefanana na Amin kiasi cha kushangaza, na ambaye alimwigiza tena kwa kifupi katika Mississippi Masala (1991). Ya tatu ni The Last King of Scotland (2006), iliyopigwa Uganda, iliyompa Forest Whitaker Oscar.

Olita anaanza juu na kubaki juu. Ana mwili, ana sauti, ana kicheko kinachojaza chumba, na filamu haimpi nafasi ya kushuka. Mtazamaji anamwogopa dakika kumi za kwanza, kisha anamzoea. Naliona kosa hilo ni la uandishi kuliko la mwigizaji, na naomba wanachama wasimdharau Olita: kwa mwili peke yake, bila sauti, alipata alama za juu kuliko Whitaker.

Whitaker alijifunza Kiswahili kwa ajili ya kazi hii, akajifunza kodiani, akaongeza uzito, akakutana na ndugu na watu waliomfahamu Amin. Matokeo yake si matamshi tu. Anatumia haiba. Nusu ya kwanza ya filamu unampenda: anabadilishana shati na daktari kijana wa Kiskochi, anataniana, anakumbatia. Ndiyo maana onyesho la baadaye linauma, pale Amin anapomlaumu daktari, anayeigizwa na James McAvoy, kwa kutomwambia asiwafukuze Waasia. Daktari anapaza sauti kwamba alimwambia. Whitaker anatua kidogo, kisha anajibu kwamba hukunishawishi. Sauti ile ni ya mtoto aliyeonewa. Hapo ndipo unapoelewa kwamba kwa mtu huyu hakuna jibu salama: ukisema umekosea, ukinyamaza umekosea. Tazameni mikono ya McAvoy wakati ule, na safu ya pili ya karatasi itajijaza yenyewe.

Mambo ya vifaa. Tulipoteza maonyesho kadhaa kwa makosa yanayozuilika, na naomba kila mwanachama anayeandaa onyesho ayasome haya kwa makini.

Televisheni nyingi za sasa hutoka kiwandani zikiwa zimewashwa mpangilio wa kulainisha mwendo. Filamu ina picha 24 kwa sekunde, na televisheni inabuni picha za katikati kuziba nafasi. Uso unakuwa laini kama wa tamthilia, na mtikisiko mdogo wa kope au mdomo, ambao ndio tuliokuja kuutazama, unafutwa. Zimeni. Zimeni pia mpangilio wa usiku kwenye sauti, ule unaopandisha minong'ono na kushusha kelele, kwa sababu unasawazisha kila kitu, na mwigizaji anayenong'ona hasikiki tena kwamba ananong'ona. Pimeni sauti kwa mazungumzo ya kawaida ya mwanzo wa filamu, kisha mtu asiguse rimoti.

Spika ndogo ni tatizo jingine. Katika onyesho la sarafu huwezi kusikia wimbo wowote, lakini mtunzi Carter Burwell aliweka mvumo wa chini sana, uliolinganishwa na mngurumo wa friji, kama hezi 60. Spika za ndani ya televisheni haziutoi kabisa. Watu waliotazama kwa spika hizo walisema onyesho ni zuri. Waliotazama kwa spika yenye besi walisema walibanwa kifua bila kujua kwa nini.

La mwisho na gumu ni tafsiri. Wengi wetu tumekulia kwenye vibanda vya video, filamu ikitafsiriwa na DJ, na ile ni sanaa yenye heshima yake. Kwa filamu za ngumi na bunduki, ambako steringi hafi, DJ anaongeza utamu. Lakini DJ huogopa kimya, na kazi za mwaka huu zimejengwa juu ya kimya. Akisema neno moja wakati karatasi ya njugu inajikunjua, onyesho limekufa. Kwa hiyo kamati iliamua tutumie maandishi ya Kiswahili chini ya skrini. Nayo yana mtego wake. Ukiandika sentensi nzima kwa mkupuo, mtazamaji amekwisha kuisoma kabla mwigizaji hajafika katikati, na kile kituo alichokiweka hakimbani tena mtu. Katisheni maandishi pale mwigizaji anapokata pumzi. Neno lisitokee kabla ya mdomo kufunguka. Isizidi mistari miwili. Kwa Whitaker, pale anapochanganya Kiswahili, msitafsiri kitu. Acheni sauti yake ifanye kazi.

Pengo letu liko wazi kwenye orodha: karibu wote tuliowatazama kama maadui ni wanaume. Kamati inapendekeza mwaka ujao tuanze na Kathy Bates katika Misery (1990), iliyompa Oscar. Annie, muuguzi anayeigizwa na Bates, huchukia matusi. Akikasirika kwa kawaida hutumia maneno ya kitoto, na baada ya kumvunja James Caan, mwandishi anayemshikilia nyumbani kwake, vifundo vya miguu kwa nyundo anamwambia kwamba anampenda, na anamaanisha. Caan yuko kitandani au kwenye kiti cha magurudumu sehemu kubwa ya filamu, kwa hiyo safu ya pili itakuwa na kazi nyingi: zaidi ni uso na shingo. Azimio limo kwenye ajenda, na naomba lijadiliwe na kupigiwa kura leo kabla ya uchaguzi wa kamati.

Wenu katika kazi,
Mwenyekiti