Barua kwa mwanangu aliye Doha: usimzuie mkeo

Mwanangu,

Assalaam alaikum warahmatullah. Sisi huku Msambweni hatujambo, alhamdulillah. Watoto wanaenda shule, jioni wanaenda chuoni, na paa la jikoni limeshaezekwa kwa zile pesa ulizotuma. Nakuandikia badala ya kukupigia kwa kuwa kwenye simu unanikata kauli, na haya nataka uyasome mpaka mwisho.

Ami yako alikuja hapa baada ya Isha pamoja na wazee wenziwe. Kaniambia mmeshakubaliana: mkeo asitie jina kwenye mchujo wa chama, akae, kiti cha uwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti aachiwe "mtu anayeweza kuzunguka". Kaniambia kauli ni yako, wao wameileta tu. Niliwapa kahawa, nikawasikiliza, nikawaambia nitazungumza na mwanangu. Ndiyo haya.

Nianze na lile unalolirudia kila siku, kwamba watu wetu hawajawa tayari kuongozwa na mwanamke. Watu gani? Mwaka wa 1997 jimbo hili hili la Msambweni lilimchagua Marere wa Mwachai kuwa mbunge. Nchi nzima wanawake waliochaguliwa mwaka ule walikuwa wanne, na mmoja alitoka kwetu. Mwaka wa 2022 Kaunti ya Kwale ilimchagua Fatuma Achani kuwa gavana, mwanamke wa kwanza kushika kiti hicho Pwani nzima, baada ya kuwa naibu wa gavana mihula miwili. Waliompigia kura ni wavuvi, ni wenye minazi na mikorosho, ni vijana wa bodaboda, ni wazee wa kanzu na bakora. Mpiga kura wa Kwale ameshalijibu swali hilo.

Wasiokuwa tayari ni wachache, na mara nyingi hukaa mahali ambapo mpiga kura hafiki. Wadi za Kenya ni 1,450. Mwaka wa 2017 wanawake walioshinda wadi kwa kura walikuwa 96. Ukiisikia hesabu hiyo utadhani wanawake walijitokeza kwa maelfu wakakataliwa debeni. Wengi hawakufika debeni. Kuna walioambiwa na chama kwamba tiketi imeshatolewa. Kuna walioambiwa na wazee kwamba zamu ni ya ukoo fulani, na ukoo huo umeshamteua mwanamume wake. Na kuna waliozuiwa nyumbani mwao, kwa upole, na mtu anayewapenda. Hao hakuna tume inayowahesabu. Sitaki mkeo awe mmoja wao, na sitaki wewe uwe ndiye uliyemzuia.

Mkeo unamjua kwa upande mmoja, mimi naishi naye. Msimu wa basari, ile misaada ya karo, ukifika, ukumbi wetu hujaa watu. Wazazi wasiojua kusoma huja na fomu zao, naye huwajazia, huwaambia ni karatasi gani imepungua, na ikibidi huandamana nao mpaka ofisini Kwale. Pampu ya maji ilipokufa, wanaume waliunda kamati ikakutana ikatawanyika. Yeye alikwenda kutafuta bajeti ya kaunti, akaonyesha kwamba fedha za ukarabati wa pampu zilikuwa zimepangwa, akakaa mlangoni kwa ofisa mpaka fundi akaja. Hiyo ndiyo kazi ya mwakilishi wa wadi, mwanangu: kupeleka haja za watu kwenye bunge la kaunti, kupitisha bajeti, na kuwafuatilia walioshika fedha. Anaifanya tayari, bila mshahara na bila kauli. Wale waliokuja kunywa kahawa yangu wamejaziwa fomu naye.

Ami yako alisema pia kwamba mkeo ni "wa kuja", kwao ni Lunga Lunga. Hapo nilitaka kucheka lakini nikahuzunika. Mwanamke akitaka kugombea kwao, huambiwa ameolewa, akagombee kwa mumewe. Akija kwa mumewe, huambiwa si wa hapa, atapeleka maendeleo kwao. Sasa agombee wapi, baharini? Amezaa hapa, watoto wake ni wa ukoo huu, makaburi atakayozikwa ni haya. Na hili linaniuma zaidi kwa sababu sisi ni Wadigo. Wazee wetu walihesabu ukoo na kurithishana kwa upande wa mama. Mjomba ndiye aliyekuwa na neno. Watu waliojihesabu kwa tumbo la mwanamke leo wanamwambia mwanamke hana kwao.

Kisha kuna maneno ya mtaani, na najua hayo ndiyo yanayokutia homa huko uliko. Siasa za hapa hufanywa usiku. Mambo hukatwa maskani, hotelini, hata mangweni kwenye pombe ya mnazi. Mwanamume akitoka saa nne za usiku kwenda kuonana na wakubwa wa chama, anatafuta tiketi. Mwanamke akitoka saa hiyo hiyo, anatafuta bwana. Mwanamume aliyegombea huulizwa amejenga nini, mwanamke huulizwa amelala na nani. Maneno hayo hayatoki hewani. Yanatungwa na kutumwa kwenye simu za watu, na kazi yake ni kumfikia mume, kwa sababu anayeyatunga anajua kwamba mwanamke mwenye msimamo hababaishwi na matusi, lakini mumewe atababaika, naye ndiye atakayemrudisha nyumbani. Watakwambia umekaliwa na mkeo. Watakurekodia sauti na kukutumia usiku wa manane. Ukiwasikiliza, watakuwa wameshinda uchaguzi kwa kukutumia wewe, wala hawatakuwa wametafuta kura hata moja.

Mikutano ya usiku tumeshaipanga. Hatakwenda peke yake. Nitakwenda naye mimi, na nikichoka atakwenda na dadako. Wenye adabu watazungumza mbele yetu. Asiyeweza kuzungumza mbele ya mama mtu mzima ana lake, na tiketi yake tusiitake.

Kuhusu fedha, tusidanganyane, ni nzito. Ada ya Tume ya Uchaguzi kwa anayewania wadi ni shilingi 5,000, na mwanamke hulipa nusu, 2,500. Hiyo tunaweza kuikusanya hapa nyumbani leo jioni. Kinachoua ni vingine: ada ya chama, mafuta ya gari, mawakala wa vituo, chai ya kila anayebisha hodi, na wale vijana wasiosikiliza sera mpaka watolewe kitu. Mwanamume anayeshindana naye atauza ng'ombe au ataweka hatimiliki benki. Shamba la mikorosho analolima mkeo kila msimu lina jina la marehemu babako. Kalima miaka yote hii, hana karatasi ya kumwonyesha mtu wa mkopo. Sikulaumu wewe kwa hilo, ndivyo tulivyoishi sote. Lakini lione, kisha usiseme "hana uwezo" kana kwamba uwezo huo aliuchezea.

Nije kwenye dini, kwa kuwa najua ndiko unakokimbilia ukizidiwa. Ami yako alinisomea ile hadithi ya Abu Bakra iliyomo katika Bukhari, kwamba hawatafaulu watu waliomtawalisha mwanamke. Siichezei hadithi ya Mtume, rehema na amani zimfikie. Lakini nimekaa darsa na najua ilisemwa habari ilipokuja kwamba Waajemi wamemtawaza binti wa Kisra, mfalme wao, na wanazuoni hawakukubaliana inafika wapi. Wako walioifunga kwenye ukuu wa dola yote ya Waislamu. Wadi yetu si dola. Mwenye kuchaguliwa ataomba barabara ya zahanati imwagwe kifusi. Na Qur'ani hiyo hiyo inatueleza katika Surat An-Naml habari ya malkia wa Sabaa, aliyewashauri wakuu wake kabla ya kukata jambo, wakamwachia uamuzi, na mwisho akasilimu pamoja na Suleiman. Na siku ya Hudaibiya, Mtume alipoona masahaba wanasita kuchinja na kunyoa, ni mkewe Ummu Salama aliyempa rai, akaifuata, na watu wakamfuata. Basi kama rai ya mwanamke ilifaa siku nzito kama ile, ya mkeo itafaa kwenye kikao cha bajeti. Na niliwauliza wazee: hadithi hii mliisoma wapi mwaka wa 2022 mlipokuwa mnampigia kampeni gavana? Hawakunijibu.

Wewe ulisema jingine, kwamba asubiri ateuliwe. Katiba yetu ya 2010 imesema jinsia moja isizidi thuluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa, na kwenye mabunge ya kaunti pengo huzibwa kwa viti vya kuteuliwa. Bungeni Nairobi hata hilo limewashinda. Mwezi wa Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge kwa kukosa kutunga sheria ya kutekeleza kanuni hiyo ya thuluthi mbili, na Bunge likakaa mpaka muda wake ukaisha. Viti vya kuteuliwa vina faida yake, sivikatai, vimewafungulia wengi. Lakini orodha ya majina inaandikwa na chama. Anayeteuliwa hukaa akimtazama usoni aliyemwandika. Hana kituo cha kura, na wenziwe humkumbusha hilo kila anaposimama kuzungumza. Mkeo ana watu wake mwenyewe, nyumba kwa nyumba. Kwa nini akaombe kiti kwa mkubwa wakati wako watu wanaotaka kumpa?

Hata akishinda, najua, hayatakwisha. Mwezi wa Agosti 2019 mwenzetu wa hapa Kwale, Zuleikha Hassan, aliyekuwa Mwakilishi wa Wanawake, aliingia Bungeni na mtoto wake mchanga wa miezi mitano kwa sababu siku ile hakuwa na wa kumwachia. Akaamriwa atoke. Watu wazima wakamzomea mama aliyempakata mtoto, ingawa wako wabunge waliotoka pamoja naye. Nilimtazama kwenye televisheni nikawaza: jengo lile limejengwa kwa ajili ya mtu ambaye nyumbani kwake kuna mwingine anayelea. Wanaume wote wale wana watoto. Hakuna aliyeulizwa amewaacha na nani. Mkeo atamwacha mdogo na mimi, nina nguvu bado, na wewe ukija likizo utaona kazi yake.

Neno la laana, sasa. Mmoja wa wazee, simtaji, aliniambia kwamba mwanamke akishindana na wanaume wa ukoo anaweza kuachiwa radhi mbaya. Hiyo si mara ya kwanza kutumika. Peris Tobiko alipogombea ubunge wa Kajiado Mashariki mwaka wa 2013, wako wazee wa Kimaasai waliomlaani hadharani. Akashinda, na mwaka wa 2017 wapiga kura wakamrudisha tena Bungeni. Nami nikamjibu yule mzee kwamba mwenye radhi katika nyumba hii ni mimi, na nimeshampa mkwe wangu zote. Wazee wetu hao hao, Mekatilili wa Menza akitajwa, hupiga vifua kwamba mwanamke wa Kimijikenda aliwasimamisha Waingereza mwaka wa 1913, akahamishwa mpaka nchi ya Wakisii, akatoroka akarudi kwao. Wanamsifu kwa kuwa ameshakufa na hashindani nao kwa kiti chochote.

Basi nakuomba haya. Mpigie ami yako wewe mwenyewe, umwambie kauli ile umeiondoa. Usimtume mtu, na usimwandikie ujumbe, maana ujumbe atasema hakuuona. Mwambie kwa heshima, yeye ni kama babako, lakini umwambie wazi kwamba jina la mkeo linaingia kwenye mchujo na wewe umeridhia, na atakayekuuliza atakukuta na jibu hilo hilo. Kisha mpigie mkeo, mpigie kabla ya mimi kumwonyesha barua hii. Yeye hajui kama naandika. Amenyamaza tangu siku ile, anapika, anafua, anaosha watoto, na simu za akina mama wa kikundi hazipokei. Usimpigie kumpa ruhusa kama anayempa mtoto peremende. Muulize anahitaji nini, uandike, mimi nitakuambia kipi tunakiweza hapa na kipi tutakungoja wewe.

La shamba nimezungumza na dadako na mdogo wako, wamekubali tuanze shughuli ya mirathi ili kila mtu apate haki yake kwa jina lake. Utahitaji kutuma nakala ya kitambulisho chako, na sahihi yako ishuhudiwe ubalozini huko. Uliza wanataka karatasi gani, na uifanye kabla ya Ramadhani, maana ofisi za ardhi huku zikianza kusema "njoo kesho" mwaka unakatika.

Ndugu zako wanakusalimu. Nipigie Ijumaa baada ya swala, nitakuwa nimekaa.

Mamako